Machozi ya Igoma kwa Mwizi wa Runingani

Hapana jambo linalonitia tafakuri siku hizi kuliko mazungumzo yanayozuka kila kinapokwisha kipande cha tamthiliya ya ujambazi, katika vibanda umiza na saluni za vinyozi hapa Igoma, kandokando ya barabara iendayo Musoma. Vijana waliokesha na bodaboda huketi kwa adabu kuu, kinyozi huzima mashine asipitwe na neno, na hadithi inapokatika penye fadhaa ubishi huanza: huyu ni msaliti, yule hakuwa na budi, na wa tatu, maadamu ndiye stelingi, hafi.

Niliyaona hayo zama za Prison Break, sizoni ya Marekani iliyoanza mwaka 2005, ambamo Michael Scofield anajitia gerezani kwa hiari ili amtoroshe kaka yake aliyehukumiwa kifo. Nikayaona zaidi katika Money Heist ya Uhispania, ambayo wezi wake huitana kwa majina ya miji: Tokyo, Berlin, Nairobi. Kilipotoka, mwaka 2020, kipande ambacho Nairobi anapigwa risasi ya kichwa, fundi pikipiki mmoja alijifuta macho kwa kiganja chenye grisi, akasema kwa sauti ya msibani, "Dada wa watu, hata mwanawe hajamlea!" Wala hapana aliyemkumbusha kwamba marehemu alikuwa ameingia Benki Kuu ya Uhispania kuiba dhahabu.

Siilaumu huruma ile, bilhaki naiheshimu. Mtunzi hodari humpa mtazamaji wasaa wa kumjua mkosaji kabla ya kumhukumu, akamwonyesha utoto wake, dhiki yake na mtoto aliyenyang'anywa, hata moyo ukakataa kumwona kuwa ni kosa lake tu. Na Igoma si mahali pageni kwa machozi ya namna hiyo. Hapa ndipo walipozikwa wengi wa abiria wa meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996, na miongoni mwao wamo ambao hapana aliyewatambua kwa jina wala kwa kabila. Watu wa hapa waliwalilia kama jamaa zao.

Basi inakuwaje, katika mitaa hii hii, sauti moja ikipaza "Mwizi!" karibu na stendi, kwa simu ambayo huenda imeibwa na huenda imeanguka tu, mikono iliyofuta machozi ya Nairobi ikaokota mawe, na mtu akakimbilia petroli na tairi kuukuu? Hapo hapana anayeuliza kijana ni mwana wa nani, wala kama ndiye hasa. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13, inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Lakini umati hausomi katiba, na asubuhi yake husemwa kwamba ameuawa na "wananchi wenye hasira kali", kana kwamba hasira hiyo haina majina wala nyuso tunazozifahamu.

Aliyeibiwa ana haki ya kulipwa, na mwizi ana haki ya kufungwa. Nakusihi, ndugu msomaji, siku utakapoisikia kelele hiyo, usiokote jiwe: mwite mwenyekiti wa mtaa, wapigie polisi, na simama karibu na kijana yule mpaka wafike, ili akahukumiwe na hakimu akiwa hai.