Tulitazama Sehemu ya Kwanza Tu

Wajukuu zangu, na ninyi vijana wote wa Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na kila kambi ambako watu hulala mchana na kushuka duarani usiku kutafuta dhahabu, nina neno nanyi. Nimelikalia wiki tatu, nikijiuliza kama ninyamaze. Nimeshindwa.

Mmoja wenu alinijia hapa Geita na simu yake. Alikuwa ametiliwa muvi laiberi. Akaniambia, "Babu, shikamoo. Leo nimekuletea ya kutisha kuliko zote, na ni ya hapa hapa kwetu." Akakaa na wenzake watatu kwenye mkeka wangu, tukaitazama. Ni White Shadow ya mwaka 2013, iliyoongozwa na Noaz Deshe, ikapigwa hapa Tanzania, na watu wake wanasema Kiswahili. Mwaka huo huo tamasha la filamu la Venice liliipa tuzo ya filamu ya kwanza ya mwongozaji. Inamhusu kijana mwenye ualbino anayeitwa Alias. Baba yake anauawa, na yeye anaona kwa macho yake. Mama yake anamkabidhi kwa mjomba, dereva wa lori, ampeleke mjini, na huko anatembeza miwani, muvi na simu ili ale. Wanaomwinda wapo hata huko mjini. Kamera haitulii, inapumua kama mtu anayekimbia. Mimi mzee wa miaka hii niliiomba simu izimwe mara mbili, na mara mbili nikaomba iwashwe tena.

Watatu kati ya vijana wale walinyamaza. Wa nne, mtoto ninayempenda sana, alicheka. Akasema, "Dili hilo linakimbia!"

Sikumgombeza. Koo lilinikauka. Neno hilo, dili, kana kwamba mtu ni bidhaa, nilishalisikia miaka mingi nyuma, mlangoni pa kibanda changu mwenyewe, vijana wakimwita hivyo mtu mwenye ualbino aliyekuwa anapita njia na kofia yake. Siku ile sikusema kitu. Niliendelea kupokea viingilio.

Ndiyo, nilikuwa na kibanda cha video machimboni, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kuta za turubai, paa la mabati, mabenchi ya magogo yaliyobaki kwenye matimba, runinga moja, deki moja na jenereta nyuma. Mchana niliweka mieleka na kareti. Usiku niliweka za Nijeria, na usiku ndio ulionilisha. Zilipoingia ziliwafunika Wahindi na Wachina kwa sababu mle ndani tulijiona: shangazi mwenye maneno, mwenye nyumba anayedai kodi, mchungaji, mganga. Na habari yenyewe ilikuwa habari ya kila mchimbaji aliyekaa kwenye benchi langu: jana hana hata ya ugali, leo ana gari.

Mama wa sinema hizo ni Living in Bondage, iliyotoka Nijeria mwaka 1992 kwa lugha ya Kiigbo. Andy amechoka na ufukara. Anawaona wenzake wanaendesha magari, anafuatana nao hadi kwenye chama cha siri, na huko anaambiwa bei: mkewe, Merit. Anamtoa. Fedha zinakuja. Kisha mzimu wa Merit unamwandama hadi akili inamruka. Waliotunga hadithi ile walikusudia kukemea, nami naamini hivyo hadi leo. Lakini ilitoka kwa sehemu mbili, na ya pili ikaja mwaka 1993. Zilizofuata zikashika mtindo huo huo, sehemu ya kwanza, ya pili, nyingine hata ya tatu. Mara nyingi kafara na magari hukaa mwanzoni. Malipo huja mwisho.

Sasa fikirini kambi ya dhahabu. Zamu inabadilika saa tano usiku na nusu ya benchi inanyanyuka. Mafuta ya jenereta yanaisha. Au inasikika kwamba duara limetema dhahabu kilima cha pili, na kufikia alfajiri nusu ya kambi imeshahama na magodoro kichwani. Nimeweka sehemu ya pili mara nyingi mbele ya watu saba, wakati ya kwanza ilikuwa imejaza watu hadi nje wakichungulia kwenye matundu ya turubai. Kwa miaka ile yote niliwaonesha wachimbaji utajiri unavyoingia kwa damu, na sikuwaonesha unavyotoka. Sikukusudia. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na fedha yake nilikula.

Na kulikuwa na mtafsiri. Dar es Salaam alikuwapo Lufufu, aliyejipatia jina kubwa kwa kutia Kiswahili kwenye sinema za watu. Mimi nilikuwa na kijana wangu, amesimama kando ya runinga na kipaza sauti. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha, na Kiigbo hakukijua kabisa. Alichokijua ni wateja. Mganga wa kwenye sinema alimpa jina la kijiji cha jirani. Fedha alizihesabu kwa gramu. Andy wa watu akipokea kibuyu, kijana wangu alipaza sauti: "Hapo kashapewa dawa, kesho duara linatema!" Kwenye sinema ile hapakuwa na duara hata moja. Benchi zima lilishangilia. Nilimwongezea posho.

Kisha, kuanzia mwaka 2007 hivi, yakaanza kwetu Kanda ya Ziwa mauaji ambayo hamkuyakuta, au mlikuwa mgongoni mwa mama zenu. Watu wenye ualbino walivamiwa usiku majumbani, wakakatwa viungo vilivyosemwa kuleta utajiri, wengine mbele ya watoto wao. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, kuwa mbunge. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta vibali vya waganga wa kienyeji, na mwezi huo huo akalia machozi bungeni, nchi nzima ikamwona. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ilikaa Kahama na kuwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa kumuua kijana wa miaka 14 wa Bukombe, wilaya ambayo wakati huo ilikuwa mkoa wa Shinyanga na leo ni ya mkoa wetu wa Geita. Msidhani yalikwisha hapo. Februari 2015 Chato walimchukua mtoto wa mwaka mmoja. Na hata Mei 2024, huko Muleba, mtoto ambaye hakuwa hata ametimiza miaka mitatu alinyakuliwa nyumbani kwao. Mwili wake ulipatikana Juni.

Sisemi sinema ndizo zilizoua. Walioua ni watu wenye majina, kwa mapanga, kwa fedha walizoahidiwa, na maneno ya kafara yalikuwapo kabla ya deki kufika Usukumani. Nilipoanza kuchimba, mganga alituomba kuku, wakati mwingine mbuzi mweusi. Ninachosema ni kwamba waliokuja na maneno mabaya zaidi walikuta watu ambao masikio yao yalishazoea. Hakuna aliyeshtuka vya kutosha. Nasi wenye vibanda ndio tuliowazoesha.

Yako pia ya bibi zetu. Kwenye sinema zile, na nyingine nyingi za hapa nyumbani zilizofuata, mchawi alikuwa kikongwe mwenye macho mekundu. Shinyanga bibi akiwa na macho mekundu ni kwa sababu amepika maisha yake yote kwa mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe, ndani ya jiko lisilo na dirisha, kwa kuwa miti iliisha. Ni moshi. Mama yangu mzazi alikuwa na macho hayo. Wameuawa wengi wa umri wake, tangu miaka ya 1970 hadi enzi zenu, kwa ajili ya macho tu, na mara nyingine kwa ajili ya shamba ambalo mtu alilitaka. Mkimwona kikongwe wa hivyo kwenye simu mkapiga kelele ya hofu, kumbukeni kwamba mlishanyweshwa uji kwa mikono ya mmoja wao.

Ninyi ni wachimbaji, basi niwaulize kichimbaji. Dhahabu hukaa kwenye mwamba. Mwamba huufuati kwa damu, unaufuata kwa kuusoma, kwa sampuli, kwa kompresa na pampu ya kutoa maji, na kwa bahati ambayo haina mwenyewe. Siku hizi Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, lina mitambo ya kuchoronga kwa ajili ya wachimbaji wadogo, na soko la dhahabu la Geita liko wazi tangu Machi 2019, bei inaonekana. Katika miaka yangu yote machimboni sijaoneshwa duara lililotema kwa kiungo cha mtu. Niliyemwona akilipwa kila mara, duara liteme lisiteme, ni mganga. Aliyeshindwa aliambiwa kafara halikutosha. Aliyepata aliambiwa alipe ya pili.

Na ualbino hauna siri. Mtoto huupata kwa baba na mama, wote wawili, hata kama wao ni weusi kama mimi. Ngozi yake imekosa ile rangi inayotukinga na jua, ndiyo maana saratani ya ngozi huwawahi. Kinachowaua wengi wao kimyakimya ni jua hili hili mnaloliona.

Sasa msinielewe vibaya. Siwaambii msitazame. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, lakini mimi nilishawapa watu wembe nikaona walichokifanya, kwa hiyo sina haki ya usemi huo. Filamu ya kutisha si kosa. White Shadow imenitisha, na imenitendea haki, kwa sababu imekaa upande wa anayewindwa. Unakimbia naye na unapumua naye, na ukitoka hapo huwezi kumwita mtu dili. Ukiweza, hukuitazama. Ulitazama damu tu.

Kwa hiyo nawaomba mambo ambayo mimi sikuyafanya. Mkianza sinema, imalizeni, hasa ile ambayo tajiri wake amepata haraka. Wenye vibanda vya sasa, watoto wadogo wasiingie usiku. Bodi ya Filamu haiweki madaraja ya umri kwa mapambo. Mtu akiwatumia kipande cha mauaji ya kweli kwenye simu, kile si sinema, ni msiba wa nyumba ya watu. Kifuteni. Na mkimsikia mtu yeyote, awe mwenye duara, awe mganga, awe rafiki wa kunywa naye, anauliza mtu mwenye ualbino anakaa wapi na analala na nani, msisubiri asubuhi. Mwendeeni mwenyekiti wa mtaa, mwendeeni polisi, usiku huo huo. Nilipolisikia neno lile mlangoni kwangu nilisubiri. Yule mpita njia mwenye kofia sikumwona tena, na hadi leo sijui kama alihama.

Mjukuu wangu aliyecheka, sina hasira nawe. Jumamosi tutapanda basi twende Shinyanga, mimi na wewe. Shule ya Buhangija iko ndani ya Manispaa. Ilikuwa ya watoto wasioona, na wakati wa mauaji ikawapokea wenye ualbino, wengine wakiwa wadogo wa kubebwa, kwa sababu nyumbani hapakuwa salama. Watoto wa huko wanahitaji kofia za ukingo mpana, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua. Yapo yanayotengenezwa Moshi, katika hospitali ya KCMC, yanaitwa Kilisun. Leteni mlichonacho hadi Ijumaa jioni, nitakibeba.