UJIRA KABLA YA JUA KUZAMA



Tukitoka Dzaleka kwenda Lilongwe tunapita Kanengo, kwenye mnada wa tumbaku, zao linaloiletea Malawi fedha nyingi za kigeni kuliko mazao mengine. Tarehe 1 Novemba 2019 Marekani ilizuia tumbaku ya Malawi kuingia kwake, kwa sababu ya kazi ya watoto na kazi ya kulazimishwa mashambani. Je, ndugu, kufunga soko kunamwokoa mtoto?

Tutazame kwanza alivyofika shambani. Kwa miaka mingi familia maskini zilihamia kwenye mashamba makubwa, zikakopeshwa unga na mbolea, zikalima msimu mzima. Malipo yalikuja tumbaku ikishauzwa, na madeni yalikatwa kwanza. Baba hakulipwa kwa siku, alilipwa kwa mavuno. Basi kila mkono wa nyumbani ulihitajika, hata wa mtoto, na si kwamba baba hakumpenda.

Torati iliagiza kinyume: kibarua maskini alipwe siku ileile, kabla jua halijazama, maana anautegemea ujira huo kwa uhai wake (Kum. 24:15). Mungu alijua kwamba ujira wa mzazi ukicheleweshwa, mtoto ndiye analipa.

Kwa hiyo soko likifungwa tu, baba anazidi kukosa, na mtoto anatoka kwenye tumbaku anaingia kwenye ganyu nyingine. Lakini tusiseme kwamba kukemea hakufai. Mwaka 2021 Malawi ilifuta kwa sheria mpango ule wa mashambani. Hapo mzizi uliguswa, yaani malipo ya mtu mzima.

Na sisi je? Mkimbizi haruhusiwi kufanya kazi kwa uhuru nje ya kambi, na mwaka 2023 wengi waliokuwa na maduka mijini walirudishwa hapa. Baba anakaa bila kazi, mtoto anazunguka na beseni la mandazi siku ya shule. Hatuwahukumu wazazi, sisi wenyewe tumewahi kumtuma mtoto hivyo, tukasema ni shida tu.

Shida ni kweli. Ila kati yetu wapo wenye duka au bustani, wanaomchukua mtoto wa jirani kwa sababu ni rahisi kumlipa kuliko baba yake. Hilo hatukulazimishwa na serikali yoyote. Tumpe kazi baba, tumlipe leo, na mtoto aende shule.

Bwana atusaidie. Amina.