Kalamu ya mhasibu ni ushahidi

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ndugu Waislamu, baada ya swala ya Isha kijana mmoja alinisubiri nje ya msikiti. Amefaulu mitihani yote ya CPA ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), Bodi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972. Kilichobaki ni kuthibitishiwa uzoefu wa kazi wa miaka mitatu ili asajiliwe. Mwajiri wake, naye ni Muislamu wa safu ya mbele, anamtaka atengeneze vitabu viwili vya hesabu: kimoja cha kweli, akiweke mwenyewe kabatini, na cha pili cha kupeleka TRA. Akikataa, uzoefu wake hautasainiwa. "Ustadhi, nifanye nini?"

Jawabu lake limo katika aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'an. Je, aya hiyo inazungumzia swala? Funga? Hijja? La. Ni aya ya 282 ya Suratul-Baqarah, nayo inahusu kuandika madeni. Humo Allah (s.w.) anamuamrisha mwandishi aandike kwa uadilifu, na anamuamrisha mwenye deni amche Mola wake, asipunguze chochote katika anachokiri. Kisha anakataza mwandishi na shahidi wasidhuriwe, na kuwadhuru anakuita ufasiki.

Wapo watakaosema kodi yenyewe ni dhulma. Hoja ya kodi ina mahali pake pa kujadiliwa. Lakini ni nani aliyetupa ruhusa ya kuandika uongo na kuutilia saini?

Nabii Yusuf (a.s.) alipoomba kusimamia hazina za Misri alijitaja kwa sifa mbili: mlinzi na mjuzi (12:55). Ujuzi unapimwa na Bodi kwenye chumba cha mtihani. Ulinzi wa amana hupimwa siku kama hii, bosi anapofunga mlango na kukusogezea karatasi.

Na dunia imeshaona mwisho wa mchezo huu. Kampuni ya Enron ya Marekani ilianguka Desemba 2001, baada ya kuficha madeni yake kwa hila za kihesabu. Wakaguzi wake, Arthur Andersen, walikuwa na wafanyakazi wapatao 85,000 duniani kote. Mwaka 2002 walitiwa hatiani kwa kuharibu nyaraka. Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo iliifuta hukumu hiyo mwaka 2005, lakini wateja walikuwa wameshakimbia na jina limekwisha. Mhasibu hana mtaji ila kuaminiwa.

Kwa hiyo, kijana wangu, kataa. Kataa kwa adabu, tunza kumbukumbu zako, na tafuta mahali pengine hata kama usajili utachelewa. Riziki haimo mikononi mwa mtia saini.

Nawe mwajiri unayesoma ukurasa huu, aya ile inakuhusu wewe zaidi. Kumnyima kijana haki yake kwa sababu amekataa kuandika uongo, hakika huko ndiko kumdhuru mwandishi. Utasimamaje safu ya mbele nyuma ya imamu anayesoma Suratul-Mutaffifin?

Tusiwanyooshee kidole wafanyabiashara peke yao. Misikiti na madrasa zetu ngapi hukusanya michango ya Ijumaa bila stakabadhi wala daftari? Tunao vijana wenye CPA katika safu zetu. Tuwakabidhi vitabu, kisha tuwaache waandike kweli, hata kweli hiyo ikiwa chungu kwa kamati.

Siku ya Kiyama kila mmoja atapewa kitabu chake akisome. Huko hakuna kitabu cha pili.

Wabillahi tawfiq.