Kilichomo Ndani ya Boksi: Fundi Ana Deni kwa Nani?



Rumonge, kama miji mingine ya mwambao wa Tanganyika, amplifaya haitupwi. Ikizimika, iwe ya msikiti au ya kukodishwa harusini, hupelekwa kwa fundi. Ni jambo jema, kwani dini yetu imekataza israfu. Lakini mteja haoni kilichomo ndani ya boksi. Je, chombo kikilia na mteja akiridhika, fundi atakuwa ametimiza amana yake?

Tuanze na mfano wa mbali kidogo, kwa sababu unaliweka swali wazi. Wapo watu duniani wanaozungumza na nchi za mbali kwa redio zao binafsi, kwa mapenzi tu, si kwa biashara. Hata Burundi ina alama yake katika mawasiliano hayo: 9U. Wengi wao hupenda kufufua amplifaya za zamani za valvu. Mojawapo ni Heathkit SB-220 ya Marekani, iliyouzwa vipande vipande ili mnunuzi aiunge mwenyewe. Ina valvu mbili kubwa na kapasita nane za kuhifadhi umeme, na volti zake hukaribia 3,000.

Kapasita hizo huchakaa kwa miaka. Wapo mafundi wanaotoa matumbo ya kapasita kuukuu na kutia mpya ndani ya ganda lilelile, ili chombo kibaki na sura yake ya asili. Je, huo ni udanganyifu?

Tukumbuke kisa cha Mtume (s.a.w.) sokoni. Alitia mkono katika rundo la chakula, akakuta chini mna unyevu. Muuzaji akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimuuliza kwa nini hakuiweka sehemu iliyolowa juu, watu waione. Basi ghushi ni kumficha mwenye haki ya kujua. Fundi akisema, "Ganda la zamani, ndani mpya," hana lawama. Akinyamaza ili auze kama chombo kisichoguswa, ameghushi, hata kazi yake iwe safi namna gani.

Tunaweza kudhani basi kwamba kusema kweli kunatosha. La, hakutoshi.

Turudi Rumonge. Harusi ni kesho, fyuzi imeungua, na nyingine haipatikani. Mteja anasema, "Weka waya tu, nimekubali." Hakudanganywa; kasoro anaijua, na fiqhi inamruhusu mnunuzi kuridhia aibu aliyoelezwa. Lakini fyuzi hailindi mali yake peke yake. Waya ukipata moto, nyumba inaungua na waliolala ndani yake. Hali ni hiyohiyo katika amplifaya ya valvu: zimo rizista za kumwaga umeme wa kapasita baada ya swichi kuzimwa. Zikifa zikaachwa, umeme unaweza kubaki ndani, ukimngoja fundi mwingine atakayefungua boksi. Huyo hakuulizwa kama anakubali.

Hapo ndipo ridhaa inapoishia. Mtu anaweza kusamehe haki yake, hawezi kusamehe ya mwenzake. Kanuni ya sheria yetu kwamba kusiwe na kudhuru wala kudhuriana inamhusu pia yule asiyekuwepo dukani siku ya makubaliano.

Atauliza mtu: fundi akikataa, si mteja ataenda kwa jirani, na watoto wa fundi walale njaa? Swali hilo ni zito, na si haki kulijibu kwa mawaidha matupu. Kosa la jirani halihalalishi langu, ni kweli. Lakini deni hili si la fundi peke yake. Sisi tunaopeleka amplifaya ya msikiti jioni ya Alhamisi, tukitaka iwe tayari kwa Ijumaa na kwa bei ya bure, ndio tunaomsukuma kwenye waya. Anayetaka amana ailipie, kwa pesa na kwa subira.

Nasi tunaosoma umeme, kesho tutafunga maboksi ambayo hakuna atakayeyachungulia. Tuyafunge tukijua kwamba Allah anayaona, na kwamba kuna ndugu tusiyemjua atakayeyafungua.

Allah atujaalie kuwa waaminifu katika kazi za mikono yetu. Amin.