Sauti Chini ya Mwaloni

Soma 1 Wafalme 13:1–32. Ni sauti ngapi zinazosikika katika sura hii, na kila moja inadai imetoka kwa nani?

Mtu wa Mungu aliyetoka Yuda hakuwa mwoga. Alifika Betheli wakati mfalme Yeroboamu amesimama kwenye madhabahu ili kufukiza uvumba, akatangaza hukumu ya Mungu mbele yake. Mfalme aliponyosha mkono na kuamuru akamatwe, mkono ule ulikauka. Madhabahu ikapasuka na majivu yakamwagika. Mkono ulipoponywa kwa maombi, mfalme akabadili lugha. Sasa alimkaribisha nyumbani ale, tena apewe zawadi. Mtu wa Mungu akakataa, hata kama angepewa nusu ya nyumba ya mfalme, kwa maana Bwana alikuwa amemwagiza mambo matatu yasiyohitaji mfasiri: asile chakula mahali pale, asinywe maji, wala asirudi kwa njia aliyoijia.

Baadaye alikuwa mezani Betheli, akila na kunywa.

Ni nini kilichobadilika? Mji ni uleule, na chakula ni kilekile alichokatazwa. Aliyebadilika ni mwenyeji. Wa kwanza alikuwa mfalme aliyetengeneza ndama za dhahabu, naye aliahidi malipo. Harufu ya hatari ilisikika kutoka mbali. Wa pili alikuwa mzee, tena nabii, aliyetandikiwa punda na kusafiri kumfuata mgeni mpaka akamkuta ameketi chini ya mwaloni. Mwanzoni mtu wa Mungu alimjibu karibu kama alivyomjibu mfalme. Ndipo mzee akasema kwamba yeye naye ni nabii, na kwamba malaika amempa neno la Bwana ili amrudishe mgeni nyumbani ale na kunywa. Fungu la 18 halimwachi msomaji akisie: alimdanganya. Kwa nini alidanganya, sura haisemi, na darasa linaweza kumaliza kipindi kizima likibuni sababu bila faida. Wa kuangaliwa ni msikilizaji.

Mwaliko wa mfalme aliupima kwa neno alilopewa. Mwaliko wa mzee aliupima kwa mzee mwenyewe: umri wake, cheo chake, malaika wake. Wala hatusomi kwamba aliomba kabla ya kugeuza njia. Mungu aliyesema naye huko Yuda, na aliyesikia ombi lake kwa ajili ya mkono wa mfalme, hakuwa mbali. Kama agizo lilikuwa limefutwa, je, Yeye aliyelitoa angeshindwa kumwambia aliyepewa?

Kwa jamii ambazo mtoto hufundishwa mapema kwamba mkubwa habishiwi, kisa hiki kinagusa mahali penye maumivu. Kumheshimu mzee ni agizo la Biblia (Mambo ya Walawi 19:32). Lakini heshima hiyo haimpi mzee ruhusa ya kufuta kile ambacho Mungu amesema. Paulo alijiweka yeye mwenyewe, na hata malaika wa mbinguni, chini ya kipimo hicho (Wagalatia 1:8). Watu wa Beroya walipoyachunguza Maandiko kila siku kuona kama mahubiri ya mtume ni kweli, hawakuitwa wakaidi. Walisifiwa (Matendo 17:11).

Linganisha fungu la 18 na mafungu ya 20 hadi 22. Hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita haraka. Wakiwa bado mezani, kinywa kilekile kilichodanganya chini ya mwaloni kinatamka neno la kweli la Bwana, tena neno zito, nalo linatimia siku hiyohiyo njiani. Basi kusema, “Huyu namfahamu, alichosema mwaka jana kilitokea,” hakutoshi. Kila neno hupimwa lenyewe, kwa lile ambalo Mungu amekwisha kulisema.

Angalia pia kwamba hakuna kilichomzuia mtu wa Mungu alipogeuka kurudi Betheli. Simba hakuwa kwenye njia ile. Alikula, akashiba. Kama angeulizwa wakati ule, huenda angesema ana amani moyoni. Yona naye, alipomkimbia Bwana, alikuta merikebu tayari Yafa, nauli anayo, na usingizi wake ulikuwa mzito (Yona 1:3–5). Siku hizi ushuhuda mwingi husimama juu ya nguzo mbili tu: “mlango ulifunguka” na “nilisikia amani.” Nguzo hizo zina thamani, lakini Yona alikuwa nazo zote mbili.

Fikiria kijana aliyemaliza chuo na kutafuta kazi kwa miaka mitatu. Mwenye nyumba anadai kodi ya miezi minne. Mwishowe anaitwa kiwandani. Mshahara ni mzuri, ila zamu ni pamoja na Jumamosi, na meneja amesema hakuna mjadala. Mzee wa kanisa, aliyefunga na kuomba pamoja naye, anamwambia kwa furaha: “Mwanangu, Bwana amejibu. Usiku nimeota umevaa sare ya kazi. Anza kwanza, habari ya Sabato Mungu anajua shida yako.” Mzee huyu, tofauti na yule wa Betheli, hadanganyi. Anampenda kijana, na pengine ameota kweli. Hata hivyo, amri ya nne haikungoja ndoto yake ili iwepo (Kutoka 20:8–11). Kijana anaweza kumjibu kwa adabu zote, “Asante, baba, kwa kuniombea. Lakini neno hili nimekwisha kulisikia kwa Bwana.” Atakapolisema hilo, kodi itakuwa bado inadaiwa.

Mambo mengi ya kila siku, hata hivyo, hayana fungu linalotaja jina la kijiji cha kuhamia au la mchumba wa kuoa. Soma Matendo 16:6–10. Paulo na wenzake walizuiwa kuhubiri Asia, wakajaribu Bithinia wakazuiwa tena, wakashuka Troa bila kujua waendako. Usiku Paulo akaona maono ya mtu wa Makedonia. Aliyeona ni mmoja, lakini Luka anaandika kwa wingi kwamba wao wote walifikia uamuzi kuwa Mungu amewaita. Maono ya mtume yaliletwa mbele ya ndugu, nayo hayakupingana na agizo walilokuwa nalo tayari, la kuhubiri injili. Kisha huko Filipi uongozi ule sahihi uliwafikisha gerezani, miguu ikiwa imefungwa kwenye mkatale (Matendo 16:23, 24). Anayedhani kwamba sauti ya Mungu hujulikana kwa ulaini wa njia asome sura hii yote.

Zaidi ya miaka 300 hivi baadaye, mfalme Yosia alikuta kaburi la yule mtu wa Mungu huko Betheli, akaagiza mifupa yake isiguswe (2 Wafalme 23:15–18). Neno alilolitangaza juu ya madhabahu lilikuwa limetimia. Mbeba neno alianguka. Neno halikuanguka pamoja naye.

Jadilini darasani: Yule kijana akikataa kazi, nani kati yenu atakwenda naye kwa mwenye nyumba wiki hii kuomba muda? Nani anamfahamu mwajiri mwenye zamu za Jumapili? Na yule mzee atasaidiwaje, bila kuaibishwa mbele ya kanisa, kuipima ndoto yake?