Je, Yafaa Kusema Uongo ili Kuiona Ishara ya Ukweli?



Tangu mwaka 2022 wapo ndugu zetu wa huku Bulyanhulu ambao hawachoki kuzungumza juu ya safari moja. Wangependa kukusanyika watu kumi au kumi na watano, wachange fedha kidogo kidogo, kisha waende pamoja Marekani kuuzuru mji mdogo uitwao Zion, ulio ukingoni mwa Ziwa Michigan katika jimbo la Illinois, kilomita zipatazo 65 kaskazini ya Chicago. Jambo hili ni jema. Walakini ndani yake limezuka swali moja la maadili ambalo haifai kulipita kimya, maana linawahusu hata wale ambao hawatapanda ndege maisha yao yote.

Kwanza yatupasa kukumbuka kwa nini Zion. Mji huo ulianzishwa mwaka 1901 na John Alexander Dowie, mzaliwa wa Scotland, aliyedai kwamba yeye ndiye Eliya aliyerudi. Haki yatutaka tuseme pia yaliyo mazuri: alikataza pombe na tumbaku katika mji wake, na aliwapokea watu weusi wakati ambapo miji mingi ya nchi ile iliwabagua. Lakini aliutukana Uislamu na kuomba uangamizwe. Ndipo katika mwaka 1902, na tena mwaka 1903, Masihi Aliyeahidiwa a.s. alipomwita kutoka Qadian kwenye shindano la maombi, kwamba aliye mwongo baina yao afe katika uhai wa aliye mkweli. Na magazeti mengi ya Marekani yakaitangaza habari hiyo. Dowie alijibu kwa dharau. Mwaka 1905 alipatwa na kiharusi, mwaka 1906 wafuasi wake mwenyewe wakamwondoa madarakani, na tarehe 9 Machi 1907 akafa, hali Seyidna Ahmad a.s. yu hai. Katika mji huo huo, mwaka 2022, Khalifa Mtukufu wa Tano a.t.b.a. aliufungua msikiti unaoitwa Fathe Azeem, yaani Ushindi Mkubwa.

Basi si ajabu mtu wa Bulyanhulu kutamani kuuona mji huo kwa macho yake. Kurani Tukufu yenyewe inawahimiza watu watembee katika ardhi na kuutazama mwisho wa wale waliokadhibisha. Tena sisi tu jirani wa ziwa kubwa. Maji ya Ziwa Victoria hayako mbali nasi, na mtu aliyezoea kusimama Mwanza akatazama maji yasiyo na mwisho hatashindwa kumfahamu mwenzake asimamaye Zion.

Sasa nieleze swali lenyewe lilivyozuka. Nilikuwa nimepewa kazi ya kuandika orodha ya watakaokwenda. Akanijia kijana mmoja, mchapa kazi, ambaye tangu utoto wake amekuwa akiingia katika maduara ya wachimbaji wadogo na kutoka na vumbi tu.

“Mzee wangu,” akaniambia, “andika na jina langu. Nikishafika huko sitarudi, ila hilo liwe baina yangu na wewe.”

Nikamjibu, “Mwanangu, barua nitakayoitia sahihi inasema kwamba sote tutarudi.”

Akasema, “Barua ni karatasi tu, mzee. Wao walipoichukua dhahabu ya hapa, waliona haya?”

Ndugu msomaji, usilicheke neno hili, wala usilidharau. Kila akaaye Bulyanhulu anajua limetoka wapi. Wachimbaji wadogo walikuja hapa kwa maelfu, wakachimba kwa nyundo na tindo. Mwezi Agosti mwaka 1996 waliamriwa kuondoka, na katika mwaka 2001 mgodi mkubwa wa chini ya ardhi ukaanza kutoa dhahabu. Mwaka 2017 taifa zima lilijifunza neno “makinikia”, watu wakauliza mali yao imekuwa ikienda wapi. Mtu aliyekulia katika habari kama hizo huona kwamba kumdanganya ofisa wa viza si dhambi, bali ni kujilipia deni. Je, hoja hii ni sahihi?

Mtu mmoja angeweza kuijibu kwa wepesi kwamba kampuni iliyoununua mgodi huo mwaka 1999 ilikuwa ya Kanada, si ya Marekani, na kwamba yule ofisa aliyeketi Dar es Salaam hajawahi kuchukua hata chembe moja ya dhahabu yetu. Jibu hilo ni la kweli, lakini halifiki kwenye kiini. Maana kijana angeweza kusema, “Basi, na lau wangekuwa ni wao?” Kwa hiyo tuichukue hoja yake katika nguvu zake zote: tuseme kwamba mwenye mlango ndiye yule yule aliyetudhulumu. Je, hapo uongo unakuwa halali?

Swali hili lilikwisha jibiwa kwa vitendo, na aliyelijibu ni Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. Katika mwaka 628 alitoka Madina na masahaba wapatao 1,400 kwenda kuizuru Al-Kaaba. Huo nao ulikuwa msafara wa ziara, wenye wanyama wa kuchinja na mavazi ya ihramu. Na waliokuwa wameushika mlango wa Makka walikuwa nani? Ni wale wale waliowafukuza Waislamu majumbani mwao, wakawatesa, na kuzitwaa mali zao. Ikiwa kuna watu duniani waliokuwa na haki ya kusema, “Mlichukua chetu, nasi tutaingia kwa hila,” basi ni wao. Lakini huko Hudaibiya walizuiwa, na Mtume s.a.w. akafanya mapatano kwamba warudi mwaka huo bila kuzuru, waje mwaka ufuatao, wakae siku tatu tu. Masahaba waliumia sana. Hata Hadhrat Umar r.a. alishindwa kuificha huzuni yake. Na wakati huo huo akatokea Abu Jandal, Mwislamu aliyetoroka kifungoni na minyororo yake, akiomba wamchukue. Mtume s.a.w. alimwambia astahimili, kwani ahadi ilikwisha kutolewa. Fikirini uzito wa jambo hilo! Na safari hiyo, ambayo machoni pa watu ilikuwa imeshindwa mlangoni, ndiyo ambayo Mwenyezi Mungu aliiita ushindi ulio dhahiri.

Mwaka ufuatao, 629, walikwenda. Wakaingia Makka, mji waliozaliwa wengi wao, ambamo bado yalikuwamo majumba yao yakikaliwa na wengine. Siku tatu zilipotimia, Makureshi walimtaka Mtume s.a.w. aondoke. Alikuwa ameoa katika safari hiyo, akapenda awaandalie karamu ya arusi, wakakataa. Akaondoka. Hakusema kwamba mji ni wake, ingawa ulikuwa wake. Hakuna aliyejificha nyuma ya mlima ili abaki. Sasa, ndugu msomaji, ikiwa bwana wetu aliitii hesabu ya siku tatu katika mji alikozaliwa, mbele ya watu waliomdhulumu, sisi tutapata wapi ruhusa ya kuivunja hesabu ya siku tulizoomba wenyewe katika mji wa watu?

Huenda mtu akasema kwamba huo ni mfano wa Mtume, na sisi ni watu dhaifu. Basi na tutazame mfano wa mtu aliyekwenda katika nchi hiyo hiyo. Mwezi Februari mwaka 1920 Hadhrat Mufti Muhammad Sadiq r.a. alishuka katika bandari ya Philadelphia. Maofisa walimzuia kwa sababu ya mafundisho ya dini yake juu ya ndoa ya wake wengi. Neno moja tu la kuyakana lingemfungulia mlango. Hakulisema. Alieleza kwamba Uislamu unairuhusu ndoa hiyo wala hauiamrishi, akakata rufaa kwa njia ya haki, akakaa kizuizini majuma kadhaa, na humo akahubiri. Hatimaye alifunguliwa, na mwaka 1922 akaweka makao na msikiti mjini Chicago, kando ya Ziwa Michigan lile lile. Msafiri wetu wa leo atakayeshuka Chicago atakuwa anakanyaga njia iliyofunguliwa na mtu ambaye hakukubali kuingia kwa uongo.

Kinyume chake, Dowie naye aliandaa msafara. Katika Oktoba 1903 aliwapeleka maelfu ya wafuasi wake New York kwa treni maalumu ili auteke mji huo kwa mahubiri. Ulikuwa msafara wa fahari na gharama kubwa. Watu wa New York walimdhihaki, na hazina ya Zion, iliyojazwa na akiba za watu wanyonge waliomwamini, ikazidi kutetereka. Wazee wetu walisema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Yake ilidumu miaka michache tu. Kwa hiyo kinachoifanya safari kuwa ibada si idadi ya watu wala urefu wa njia. Mtume s.a.w. amefundisha kwamba vitendo huhesabiwa kwa nia, na kwamba aliyehama kwa ajili ya dunia, kuhama kwake ni kwa ajili ya hiyo aliyoiendea.

Kutokana na hayo twaweza kuyaona masharti ya msafara wetu. La kwanza ni kwamba fedha zake zitoke katika ziada ya mtu, wala zisitoke katika mchango wake wa lazima, wala ada ya shule ya mtoto wake, wala mkopo. La pili, awepo amiri wa safari, kwani Mtume s.a.w. ameagiza kwamba hata watu watatu wakisafiri wamchague mmoja wao. La tatu, mfuko wa safari umsaidie mwenye nia njema asiye na uwezo, ili Zion usije ukawa mji wa wenye maduka peke yao. La nne, twende kwa unyenyekevu. Hatuendi kulicheka kaburi la mtu. Watu wa Zion wa leo si maadui zetu. Meya wao alimkabidhi Khalifa Mtukufu ufunguo wa mji. Na la tano, ambalo ndilo nguzo ya yote, kila mmoja aseme kweli katika fomu yake, na arudi.

Maana msafara ni kama duara. Watu kumi wakishuka pamoja, na mmoja akaficha jiwe katika nguo zake, hakumwibia tajiri, aliwaibia wenzake tisa walioshika kamba yake. Katika mwaka 2025 Marekani iliitia Tanzania katika orodha ya nchi ambazo raia wake waweza kutakiwa kuweka dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000 kabla ya kupewa viza ya matembezi, na sababu iliyotolewa ilihusu wale wanaokwenda wasirudi. Mwisho wa mwaka huo milango ikabanwa zaidi. Twaweza kulalamika kwamba si haki kumtoza mkweli kwa kosa la mwongo, na malalamiko hayo yana uzito. Lakini tusisahau kwamba kila aliyejificha alikuwa na mzee aliyemwandikia barua.

Kwa sababu hiyo jina la kijana yule halimo katika orodha. Yeye hakufurahi, na mimi usiku ule sikulala vizuri, maana shida yake si ya uongo. Nilimwambia kwamba anayetaka kuhama aombe kuhama, waziwazi, kwa masomo au kwa kazi, nami nitaisaini barua hiyo kwa mikono miwili. Nilimwambia pia, na hili nawaambia wenzangu wazee, kwamba haitoshi kumkataza kijana uongo kisha tukamwacha na vumbi lake. Kama tunaweza kuchanga kwa ajili ya ndege, twaweza kuchanga kwa ajili ya cherehani, au mbegu, au ada ya chuo cha ufundi. Jamaa inayomdai kijana ukweli inadaiwa nayo msaada.

Na ikiwa milango haitafunguka katika miaka hii, tungoje. Ishara ya Zion haitaondoka, wala haikuwekwa huko ili itazamwe na wenye pasipoti pekee. Inasema kwamba uongo, ujapojengewa mji mzima kando ya ziwa, hauna kesho. Mtu wa Bulyanhulu akiliamini neno hilo na kuliishi katika mizani yake, katika duara lake na katika sahihi yake, amekwisha kuiona ishara hiyo hata kabla ya kuondoka nyumbani. Na atakayeifikia Zion kwa hati ya uongo atazunguka mji wote asiione, kwa kuwa atakuwa ameibeba mfukoni mwake hoja ya kuipinga.

Mwenyezi Mungu atujalie safari njema, ndimi za kweli, na marejeo ya salama. Amin.