Dole Gumba na Neno la Mtu

Machi 2021, mnunuzi wa nafaka katika jimbo la Saskatchewan, Kanada, alimtumia mkulima picha ya mkataba wa mbegu za kitani kwa simu, akamwomba athibitishe. Mkulima akajibu kwa emoji ya dole gumba. Novemba ilipofika mzigo haukuletwa, na bei ilikuwa imepanda kutoka dola 17 kwa busheli hadi 41. Mahakamani mkulima alisema dole lile lilimaanisha "nimeuona" tu, si "nimekubali". Mwaka 2023 jaji alimwamuru alipe zaidi ya dola 82,000 za Kanada. Rufaa nayo ikagonga mwamba.

Nilipoisimulia kesi hii darasani, wengi walicheka. Sisi tunaoishi ndani ya magrupu ya WhatsApp tunajua dole gumba lina maana kumi: nimeona, sawa, yaishe, niache nilale. Lakini jaji hakuhesabu maana. Aliangalia mwenendo wa wawili hawa. Huko nyuma mikataba ilitumwa kwa njia ileile, mkulima akajibu kwa neno moja tu, "ok" au "yup", na mzigo ukafika. (Nashindwa kujizuia kuuliza: kama bei ingeshuka hadi dola 5, dole lile lingemaanisha nini?)

Swali linalonikera ni hili: neno la mtu ni mali ya nani? Ya aliyelitoa, au ya aliyelipokea? Ukisema ni ya aliyelitoa, basi moyo wake ndio shahidi pekee, na hakuna anayeweza kuuita mahakamani. Wahenga waliosema ahadi ni deni walikwisha kuligusa jambo hili, maana deni huwa na mtu wa pili anayelidai.

Kimya je? Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kesi ya mkandarasi wa kuzoa theluji katika majengo ya makazi huko Ottawa. Mkataba uliwaruhusu wenye majengo kumwachisha kazi kwa notisi ya siku 10. Walikata shauri la kumwachisha mapema mwaka 2013, wakalifunika hadi Septemba. Kiangazi chote walizungumza naye kana kwamba mkataba utaongezwa, na yeye, kwa kutaka kuwafurahisha, akawafanyia kazi za bustani bure. Hawakusema uongo wa wazi hata mmoja, ila walijua anachokiamini na wakamwacha aendelee kukiamini.

Kant, ambaye watu humkumbuka kwa ukali wake dhidi ya uongo, aliwafundisha wanafunzi wake kwamba mtu anaweza kufunga mizigo ili watazamaji wadhani anasafiri, na asiwe amedanganya, kwa kuwa hakutamka lolote. Mahakama haikumfuata huko. Ilisema haki ya kuvunja mkataba ipo, lakini nusu ukweli, na hata kimya katika mazingira fulani, vinaweza kuwa udanganyifu. Naona mahakama ilimzidi mwanafalsafa. Anayefunga mizigo dirishani huku akijua jirani anamtazama amekwisha kuzungumza.

Mwaka 2024 hoja hiyohiyo ilifika kwenye mashine. Abiria aliyefiwa na bibi yake aliiuliza roboti ya maongezi kwenye tovuti ya Air Canada kuhusu nauli ya wafiwa. Ikamwambia anunue tiketi, kisha aombe punguzo ndani ya siku 90. Alipoomba, akakataliwa. Mbele ya baraza la usuluhishi la British Columbia, shirika lilijitetea kana kwamba roboti ni mtu mwingine anayejibebea mzigo wake. Baraza halikukubali, na shirika likalipa.

Hadi hapa ningesema neno ni la aliyelipokea, nikalale. Ila kuna dereva wa chakula wa Toronto aliyebonyeza "nakubali" kwenye programu ya Uber. Ndani yake kulikuwa na kifungu kwamba mgogoro wowote upelekwe kwa msuluhishi Uholanzi, na kufungua shauri tu kuligharimu takribani dola 14,500 za Marekani. Uber ilisikia "ndiyo", na kidole kilibonyeza kweli. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ilikitupa kifungu hicho kwa sababu ya tofauti ya nguvu kati ya pande mbili na uzito wa mzigo aliotwishwa dereva.

Kwa hiyo msikilizaji naye ana wajibu: hawezi kudai kusikia kitu anachojua mwenzake hakuwa na nafasi ya kukisema wala kukikataa. Yule mnunuzi wa kitani alikuwa amefanya biashara na mkulima kwa miaka, na siku ile walikuwa wameongea kwa simu kabla ya mkataba kutumwa. Dereva na Uber hawakuwahi kuzungumza. Aliyekuwa upande wa pili wa kile kidole ilikuwa skrini.